Matone Matano ya Paka Waziri

Wiki iliyopita nilivua koti jeupe, nikarudisha ufunguo wa kabati la sumu, na nyinyi vijana wa famasi mkaninunulia keki na daftari. Keki imekwisha. Daftari nalianza leo, kwa sababu mlisema, "Bibi Zuhura, tuandikie uliyoyaona kazini." Niliyoyaona ni mengi, na mengine si ya kuwaandikia watu walioninunulia keki. Habari za nani alipandishwa cheo na nani alipewa ofisi yenye dirisha mtazipata kwa wengine. Wapo wanaozikumbuka vizuri kuliko wanavyokumbuka dawa. Mimi nitawaandikia jinsi ya kupima unga wa chakula cha paka. Msicheke bado.

Niliingia famasi ile ya mtaa wa Nyakabiga mwaka mmoja kabla ya vita. Nilikuwa msichana wa mtaa wa Buyenzi, nimetoka shuleni juzijuzi, kichwani nimejifunga mtandio ambao mama yangu aliuazima kwa jirani ili nionekane mtu wa ofisini. Nyuma ya kaunta, katika chumba chenye harufu ya spiriti na karafuu, alikaa Mama Esperansi, Mkongomani wa Uvira, mama wa kanisa, miwani yake imefungwa kwa uzi wa kushonea. Yeye ndiye aliyechanganya kila dawa ambayo haikuja tayari ndani ya boksi: poda za watoto, sharubati za kikohozi, dawa za kupaka. Hakuniuliza jina. Alinisukumia kopo la chumvi ya jikoni, akaniambia nipime gramu mbili, mara kumi, kisha akaendelea kusaga.

Nikapima. Kila sahani mbili za mizani zilipokaa sawa, nilidondosha punje kidogo juu, na upande wa chumvi ukashuka. Mara ya tatu alinigonga kidole kwa spatila, kile kijiti bapa cha kuchotea dawa.

"Hii ya juu ni ya nini?"

"Matabishi, Mama."

Mama yangu aliuza ndagala, dagaa wa ziwani, sokoni. Akishamjazia mteja kopo lake, aliongeza konzi moja juu, ndiyo matabishi yenyewe, na muuzaji asiyeongeza alibaki anafukuza nzi. Kwetu kumpimia mtu sawasawa, bila hata punje ya ziada, ilikuwa karibu na kumwambia humpendi. Nilidhani naonyesha malezi mazuri.

"Hapa haiko soko," akasema Mama Esperansi. "Matabishi ya dawa inaua mutu. Kama unamupenda muteja, umupimie sawa, umusalimie vizuri, basi. Anza tena. Kumi."

Nilipima chumvi kwa wiki mbili. Nyumbani nilianza kuionea kinyaa hata kwenye mchuzi.

Sasa mizani. Famasi ilikuwa na mbili. Moja ya umeme, ya kisasa, iliyoandika namba nyekundu na kupendwa na bosi. Nyingine ya shaba, ndani ya sanduku la kioo, na mawe yake madogo kwenye kisanduku cha mbao chenye kibano. Vita ilipoanza na umeme ukawa mgeni wa kuja na kuondoka bila kuaga, ile ya kisasa ililala. Hata siku umeme ulipokuwepo ilicheza: asubuhi gramu tatu, mchana kitu kile kile gramu tatu na kidogo. Mama Esperansi aliifunika kitambaa chenye maua, tukarudi kwenye shaba. Nilijifunza kushika mawe kwa kibano tu, maana jasho la kidole nalo lina uzito. Nilijifunza kufunga dirisha kabla ya kupima, kwa sababu upepo wa ziwa ukiingia alasiri unaisukuma sahani kama mtu mwenye shida. Nilijifunza kutopumua juu ya unga. Siku za kwanza nilishikilia pumzi hadi nikaona nyota.

Na vijiko! Kama kuna kijana anayesoma hapa na ana kijiko cha chai mfukoni mwa koti, akitoe sasa hivi akakirudishe jikoni. Kijiko hakipimi uzito, kinapima nafasi. Kijiko cha unga mkavu si kijiko cha unga ulioshika unyevu wa masika. Kijiko cha kusawazishwa kwa kisu si kile cha mtu aliyetoka kugombana na mumewe. Nimesema hivi kwa miaka mingi na bado kila mwaka namkuta mmoja wenu na kijiko. Mungu anawaona.

Miaka mitatu hivi baada ya vita kuanza, nchi jirani zikatuwekea vikwazo, na vitu vikaanza kupotea madukani. Petroli, saruji, sukari, vipuri. Watu wengi wa mji huu walipoteza vitu vikubwa kuliko hivyo, na mimi nimo, na sitaki kuandika hayo kwenye daftari lenye picha ya keki. Lakini katika vilivyopotea kulikuwa na makopo ya chakula cha paka, na hilo ndilo lililomleta kwetu Madamu Yudita.

Madamu Yudita alikuwa mwalimu mstaafu wa hesabu, mjane, anakaa mtaa wa Kinanira kwenye nyumba ambayo watoto wake wote wameshaiaga. Mmoja Ubelgiji, wengine sijui wapi, na mume wake kaburini. Alibaki na mpishi wake, Deo, na paka mmoja dume wa kijivu, mkubwa, mwenye kifua cheupe, aitwaye Waziri. Mawaziri wengine wa miaka ile walibadilishwa hata kabla hatujashika majina yao. Huyu alidumu.

Aliingia famasi akiwa na karatasi iliyoandikwa kwa mkono na kikopo cha plastiki.

"Binti yangu ananitumia hii," akasema. "Waziri alizoea makopo tangu mutoto. Anakataa ubugali, anakataa wali, nyama ya kupika anairudisha pa kapeti. Binti anasema nimupe nyama bichi, lakini iko na vitu bya kuongeza, na bipimwe sawasawa. Deo hapimi. Deo anaonja."

Mama Esperansi alisoma karatasi mbele na nyuma, kisha akaiweka mbele yangu. Alikuwa na foleni ya akina mama wenye watoto wa homa, na paka hakuwa wa foleni yake. "Hii ni yako," akaniambia. Baada ya miaka minne ya kupima chini ya jicho lake, ndiyo ilikuwa kazi yangu ya kwanza peke yangu, na nilifurahi hata nikasahau kwamba mteja ana mkia.

Karatasi ile nilikuja kuijua kwa moyo. Kwa nusu kilo ya nyama mbichi yenye moyo wa ng'ombe ndani yake: taurini gramu moja, ndiyo ule unga mweupe wa kikopo cha plastiki, ambao paka hawezi kuutengeneza wa kutosha mwilini mwake, na akiukosa macho na moyo vinaharibika. Unga wa maganda ya mayai gramu tatu, kwa sababu nyama bila mfupa haina chokaa. Chumvi nusu gramu. Vidonge vya vitamini viwili vya kusaga. Ini bichi kipande cha ukubwa wa kiberiti, wala kisizidi. Na mafuta ya samaki, yale ya ini la chewa tunayowapa watoto dhaifu, matone kumi.

Maganda aliyaleta Deo, yamechemshwa na kukaushwa juani. Mama Esperansi alikataa kinu chake kizuri kitumike kwa mambo ya kuku, akanipa cha zamani chenye ufa. Nilisaga hadi unga ukawa laini wa kupakwa usoni, nikachekecha kwa kipande cha chandarua cha mtoto. Hapa mnisikilize: taurini gramu moja ukiimwaga tu juu ya nusu kilo ya nyama, paka atakula yote Jumatatu, na Jumanne hatapata kitu. Chukua ile gramu moja, ichanganye na unga wa maganda wa kiasi hicho hicho, ukishaenea, ongeza tena sawa na ulichonacho, ongeza tena. Ndivyo kidogo kinavyoenea ndani ya kingi. Hivyo hivyo ndivyo tunavyofanya poda ya mtoto, na nilijifunza vizuri zaidi kwa Waziri kwa sababu nilikuwa na muda.

Nilikunja paketi za karatasi, moja kwa siku tatu, kila moja na namba yake. Mafuta niliyatia kwenye kichupa kidogo kwa kitone, kile kibomba cha kudondoshea, nikihesabu. Moja, mbili, tatu, hadi kumi.

Na baada ya kumi nikaongeza matano.

Nawaambia ukweli kwa sababu ndiyo maana ya daftari hili. Kwenye unga sikuongeza hata punje, kidole kilikuwa bado kinakumbuka spatila. Kwenye dawa za watu sikuongeza kamwe. Lakini hiki kilikuwa chakula, jamani. Chakula kina matabishi. Tena cha mama mzee aliyekuja kwa miguu kutoka Kinanira, aliyenisalimia kwa jina, aliyeniuliza habari za mama yangu. Na mafuta yale ni ya kutia nguvu; nani amewahi kufa kwa nguvu? Nilitia matano ya upendo kwenye kila kichupa, mwaka mzima na zaidi, nikajiona mtu mwema.

Waziri alinawiri. Deo alipokuja kuchukua paketi alituletea habari zake: amemshinda paka wa jirani, ameiba samaki, manyoya yanang'aa. Mama Esperansi alijifanya hasikii, lakini Deo akichelewa aliuliza, "Na ule mukubwa wa Kinanira, anaendelea?"

Halafu Deo akaanza kuleta habari nyingine. Waziri hapandi tena dirishani. Waziri hajilambi mgongo, manyoya yamefungana mafundo. Akiitwa hageuzi shingo, anageuka mwili mzima, pole pole, kama kweli amevaa tai. Deo aliigiza, tukacheka. Siku iliyofuata alikuja Madamu mwenyewe na hakuna aliyecheka. Alisema ukimwinua Waziri analia. Akasema, "Asubuhi hanipandii tena. Ni yeye ananiamusha. Katika nyumba yangu hakuna mwengine wa kuniamusha, Zuhura."

Kulikuwa na daktari wa mifugo mtaani Kigobe, mtu wa ng'ombe hasa, ambaye kwa heshima ya mwalimu wake wa zamani alikubali kumshika paka. Alimpapasa shingo, akaisoma karatasi ya binti, akauliza juu ya ini. Madamu akajibu kipande cha kiberiti, kama ilivyoandikwa. Daktari akaandika barua ya mistari mitatu, na Deo akatuletea. Mama Esperansi aliisoma akiwa amesimama. Ilisema mifupa ya shingo ya mnyama inaota na kushikana kwa sababu ya vitamini A nyingi kupita kiasi. Ini linayo, mafuta ya samaki yanayo. Kama nyumbani wanapima sawa, basi famasi waangalie mkono wao.

Mama Esperansi hakunipigia kelele. Alikwenda kwenye rafu akashusha chupa kubwa ya mafuta, akaiinua kwenye mwanga, akaitazama muda mrefu, kisha akanitazama mimi.

"Matone ngapi, Zuhura?"

Ningeweza kusema kumi. Chupa haina ulimi. Nilisema, "Kumi na tano, Mama."

"Tano ya nini?"

Hakungoja jibu. Alivua koti, akavaa viatu vya nje, tukaenda Kinanira. Bunduki za milima ya juu ya mtaa ule zilikuwa zimenyamaza siku hiyo, alhamdulillahi, na barabara ilikuwa wazi. Tulipofika karibu na nyumba, akasimama katikati ya njia.

"Na batoto?"

"Batoto gani, Mama?"

"Batoto ba pale famasi. Wenye homa. Umewaongezea nabo?"

"Wallahi sijawahi. Hata punje."

"Kiapo siwezi kukitia mu mizani," akasema. "Mi naona mukono tu. Na mukono wako uliongeza."

Nawaambieni, nimesikia risasi nyingi katika miaka ile. Hakuna iliyonitisha kama hayo maneno, kwa sababu yalikuwa haki.

Tulimkuta Madamu barazani, Waziri amelala juu ya mto miguuni pake, ametazama mbele tu. Nilipiga magoti nikasema yote: matone matano, tangu paketi ya kwanza. Nilitarajia anifukuze. Yeye alichukua penseli na kipande cha karatasi, mwalimu wa hesabu hata katika msiba, akaandika, akakunja uso.

"Yemwe, jamani," akasema. "Kumi na tano pa nafasi ya kumi. Hiyo haitoshi kumufanya vile. Hesabu haifungi."

Nyuma yake, mlangoni, Deo alikuwa ameshika sahani ya kufuta na haifuti.

"Deo," akasema Madamu bila kugeuka.

Deo akaweka sahani chini. "Madamu, bucha ananipa kipande cha ini juu. Kila mara. Matabishi. Kinapita kile cha kiberiti mara mbili. Ningefanya nini? Nitupe ini, na vita hii? Ni dhambi. Nikakitia mu chakula ya Waziri."

"Bucha gani?"

Deo akanitazama mimi, na mimi nikatazama sakafu. Bucha alikuwa Rajabu, mjomba wangu wa Nyakabiga, na ni mimi niliyemwelekeza Deo kwake. Nilimwambia mjomba amtazame vizuri mpishi wa Madamu, ni watu wetu.

Madamu akaandika tena. Penseli ilikwenda, ikasimama, ikarudi juu ya karatasi. Kisha akavua miwani akaiweka juu ya hesabu yake, na uso wake ulibadilika hata Mama Esperansi akasogea karibu.

"Na mimi," akasema.

Aliinama, akamgusa Waziri mgongoni.

"Asubuhi akiniamusha namupa ini kidogo kwa vidole. Shukrani tu. Kila siku." Alimwangalia Waziri, ambaye hakuweza kuinua kichwa kumwangalia. "Basi ni sisi wote. Mon Dieu, tumemupenda wote, na tumemufunga shingo."

Akalia, mwalimu yule ambaye mawaziri wa kweli walipita darasani kwake wakimwogopa. Deo naye akalia. Mimi nilikuwa nimeshaanza zamani. Mama Esperansi peke yake alibaki mkavu, aliinama, akamkuna Waziri kidevuni, akasema kwa paka, "Na weye ulikula yote, mulafi."

Amri ya daktari ilikuwa fupi: ini hapana, mafuta hapana, miezi mingi. Shingo huenda ikalegea, huenda isilegee. La hatari lilikuwa jingine. Paka aliyezoea ini huweza kukataa chakula kisicho na ini, na paka asiyekula siku chache anaharibika ini lake mwenyewe, anakufa.

Adhabu yangu nayo ilitoka pale pale kwenye ngazi za baraza. "Hutagusa mizani," akasema Mama Esperansi. "Utaosha chupa. Siku huyu paka atageuza shingo yake mwenyewe, tutaongea. Asipogeuza, utarudi soko kwa mama yako, kule matabishi yako ni heshima."

Kwa hiyo, wanangu, kazi yangu yote mnayoisifia kwa keki ilikuwa imening'inia kwenye shingo ya paka.

Waziri aligoma siku tatu. Deo alikuja kila asubuhi akitikisa kichwa tangu mlangoni. Alijaribu kupasha nyama joto la mkono, alijaribu kumlisha kwa kidole, alijaribu kumsomea dua na Zaburi, ya kwetu na ya kwao. Siku ya nne nilikumbuka wateja wa mama yangu na paka wa soko letu. Nikamwambia Deo achemshe ndagala, maji yale ya mchuzi yakipoa anyunyize kijiko kimoja juu ya nyama. "Kijiko?" akauliza Mama Esperansi kutoka kwenye mizani. "Maji ya ndagala, Mama," nikasema, "siyo dawa." Akafikiri. "Kimoja," akasema. Waziri alikula nusu. Siku ya tano alimaliza, akatapika, akala tena.

Mjomba Rajabu ndiye aliyekuwa mgumu kuliko paka. Nilipomwambia aache kumwongezea Deo ini, alishusha panga.

"Mi nimukatie Madamu nyama kama munyimi? Batasema nini ju yangu hapa Nyakabiga?"

Tulibishana hadi wateja wakaingilia. Mwishowe tukakubaliana: matabishi atampa, lakini ya mfupa wa supu, na itakuwa ya Deo. Deo alinenepa mwaka ule.

Niliosha chupa kwa miezi saba. Najua chupa. Najua kila aina ya utelezi unaobaki chini ya chupa ya sharubati, najua brashi gani inafika pembeni na ipi inajidai. Paketi za Waziri alizipima Mama Esperansi mwenyewe, na mimi niliona jinsi mkono wake ulivyosimama mwishoni, juu ya sahani, na kutokuongeza. Katika miezi hiyo vita iliwaka upande wa kwao, ng'ambo ya mpaka, na kwa majuma hakujua kama dada zake wa Uvira wako hai. Alikuja kazini kila siku macho yamevimba, akafunga dirisha, akapima gramu nusu kuwa gramu nusu. Nilimpenda sana mwanamke yule, na sikuwahi kumwambia, kwa kuogopa spatila.

Dada zake walifika salama, wawili kati ya watatu.

Siku ile ilikuwa ya mvua ndogo, alasiri. Madamu Yudita aliingia na kapu lenye mfuniko, nyuma yake Deo na mwavuli. Aliweka kapu juu ya kaunta, kinyume cha sheria zote za famasi, akafungua. Waziri alitoka. Alikuwa mwembamba, manyoya yamekatwa mafundo kwa mkasi, hapendezi. Alikaa katikati ya kaunta akitazama mbele.

"Deo," akasema Madamu.

Deo akatoa ndagala mmoja mkavu kwenye karatasi, akamweka pembeni, nyuma ya sikio la kulia. Hakuna aliyepumua, nilikuwa na mazoezi. Sikio likatikisika. Kisha shingo, pole pole, kwa mkwaruzo nilioufikiria tu, ikazunguka. Haikufika mwisho. Ilifika nusu, ikatosha, akamchukua ndagala, akamtafuna juu ya kaunta yetu safi, na akishamaliza akajilamba bega. Mara mbili. Deo alipiga makofi hadi mgonjwa mmoja kwenye benchi akaamka.

Mama Esperansi alifuta miwani yake. Akainuka kwenye kiti cha mizani, akasimama kando. Nikakaa.

Daktari wa Kigobe alikuwa ameruhusu mafuta yarudi: matone mawili kwa nusu kilo, basi. Nilifunga dirisha. Nilipima taurini, nikapima maganda, nikachanganya kidogo kwa kidogo kama nilivyofundishwa, nikakunja paketi. Nikachukua kichupa na kitone. Moja. Mbili. Nikaziba.

Madamu aliinama juu ya kaunta, sauti ya chini, kana kwamba Mama Esperansi hayupo.

"Tia hata la tatu, Zuhura. Ona alivyokonda. Leo ni siku yake."

Nilimtazama Waziri. Nilimtazama yule mama, na mkono wangu, nawaapia, ulitaka.

"Apana, Madamu. Mawili."

"Tone moja tu. Mi mwenyewe naomba."

"Mawili, Madamu. Na salamu nyingi kwa binti yako."

Alichukua kapu, paka, kichupa na paketi zake, akatoka amenuna, hakuaga. Deo alimfuata na mwavuli, akinionea huruma. Nilibaki nimekaa, masikio yanawaka, nikidhani nimempoteza mteja mzuri kuliko wote niliowahi kupewa.

Mama Esperansi alingoja mlango ufungwe. Kisha akasukuma mbele yangu karatasi ya daktari iliyokuwa ya kwanza kwenye foleni, poda ya homa ya mtoto wa miezi minne, akakunja mikono ya koti lake, na akaenda kuosha chupa.